Kisanduku Kinachojipanua

Vyombo vya namna mbili

Kama unakaa Moshi, au kama umepata kufika huko, bila shaka umewaona akina mama wakipanda mlima na mizigo ya majani vichwani. Katika miteremko ya Kilimanjaro ardhi ni haba, na ng'ombe wengi hufugwa zizini. Kwa hiyo watu huteremka mpaka sehemu za chini kukata majani. Huyafunga kwa kamba, kisha huyapandisha nyumbani kwa ajili ya mifugo.

Fikiri kwanza juu ya debe. Debe huchukua lita 20 hivi. Ukitia mahindi machache ndani yake, debe hubaki na ukubwa ule ule, na nafasi iliyo juu ya mahindi hukaa bure. Ukitia mahindi kupita kiasi, yatamwagika. Debe halibadiliki hata kidogo. Vitu ndivyo vinavyolazimika kulifuata debe.

Sasa fikiri juu ya kamba ya kufungia majani. Mtoto akikata majani machache, kamba huyazunguka na kuyabana. Mama yake akikata majani mengi, kamba ile ile huyazunguka na kuyabana vile vile. Kamba hulingana na mzigo. Hapa chombo ndicho kinachovifuata vitu.

Basi vyombo ni vya namna mbili. Viko vyenye ukubwa usiobadilika, kama debe. Viko pia vinavyolingana na kitu kilichomo, kama kamba. Katika sura hii tutajifunza juu ya chombo cha kutilia maneno. Chombo hicho hukaa katika kioo cha simu au cha kompyuta, nacho huitwa kisanduku cha kuandikia. Tutaona kwamba visanduku vingine ni kama debe, na vingine ni kama kamba. Tutaona pia kwa nini tofauti hiyo ni jambo kubwa.

Kisanduku cha kuandikia ni nini?

Mtu anapotaka kuandika katika simu au kompyuta, huonyeshwa nafasi iliyozungushiwa mstari. Nafasi hiyo ndiyo kisanduku cha kuandikia. Mtu hugusa ndani ya kisanduku, kisha huandika kwa kubonyeza herufi moja moja. Akimaliza hubonyeza kitufe cha kupeleka, na maneno yake huenda kwa watu aliowakusudia.

Kisanduku kina upana na kimo. Upana ni kipimo cha kutoka kushoto hadi kulia. Kimo ni kipimo cha kutoka chini hadi juu. Maneno yakifika mwisho wa upana, huteremka na kuanza mstari mpya. Kadiri mistari inavyoongezeka, ndivyo maandishi yanavyohitaji kimo kikubwa zaidi.

Je, kisanduku kikiwa na kimo cha mistari miwili tu, na mtu akaandika mistari minane, mistari sita mingine itakwenda wapi? Haipotei. Imo ndani, lakini imefichwa. Mwandishi huona mistari miwili ya mwisho, kama mtu anayetazama barabara kupitia tundu dogo ukutani. Akitaka kuona mistari ya juu, hana budi kuyavuta maandishi kwa kidole.

Ujumbe wa mfongo

Hebu tuone hatari iliyomo katika maneno yaliyofichwa.

Juu ya mji wa Moshi, katika sehemu kama Kibosho, Machame na Marangu, Wachaga walichimba mifereji ya maji tangu zamani, kabla ya utawala wa Wajerumani. Mfereji wa namna hiyo huitwa mfongo, na ikiwa mingi huitwa mifongo. Mfongo huchukua maji kutoka mtoni huko juu na kuyapeleka taratibu mpaka katika vihamba vya migomba na kahawa. Mifongo mingine inatumika hadi leo. Mahali maji yanapoingia katika mfereji huwekwa lango. Lango likifunguliwa maji huingia. Likifungwa maji huendelea na njia yake mtoni.

Tuseme kwamba usiku mvua kubwa imenyesha na ukingo wa mfongo umebomoka. Maji yakiingia kabla ukingo haujazibwa, yatatoka kwa nguvu mahali pale palipobomoka na kuuchukua udongo wa mashamba yaliyo chini. Asubuhi msimamizi wa mfongo anachukua simu yake ili awaandikie wenzake wote. Kisanduku cha simu yake kina mistari miwili tu. Anaandika hivi:

"Wenzangu, usiku mvua imenyesha sana msituni. Ukingo wa mfongo umebomoka karibu na njia panda. Mfungue lango mpaka mafundi watakapomaliza. Kila nyumba ilete jembe na karai saa nne asubuhi. Wenye magunia ya mchanga wayalete pia."

Soma tena sentensi ya tatu. Msimamizi alikusudia kuandika "Msifungue". Kidole kiliruka herufi mbili, yaani s na i, na neno likawa "Mfungue". Katika lugha yetu silabi moja ndogo, "si", hutenganisha katazo na amri. Aliyekusudia kuwakataza wenzake amewaamuru wafanye jambo lile lile alilolikataza.

Je, kwa nini hakuona kosa lake? Alipoandika sentensi ya nne na ya tano, sentensi ya tatu ilisukumwa juu ikafichika. Alipomaliza aliona maneno ya jembe, karai na magunia, nayo yalikuwa sahihi. Akabonyeza kitufe cha kupeleka.

Kama kisanduku kingeongezeka kimo kila mstari ulipoongezeka, ujumbe wote ungekuwa mbele ya macho yake mpaka mwisho. Angeweza kuusoma tangu neno la kwanza kabla ya kuupeleka. Kisanduku hakimsahihishi mtu makosa yake. Kazi yake ni kumwonyesha maneno yake yote, ili ajisahihishe mwenyewe. Hilo ndilo faida yake kubwa.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa kama debe

Kabla ya kompyuta kuenea, watu walijaza fomu za karatasi, na fomu hizo zingali zinatumika. Katika fomu ya karatasi, nafasi ya kuandikia hupangwa na mchapaji. Ikiwa ameacha mstari mmoja wa kueleza ugonjwa, basi mwenye maelezo marefu itambidi aandike herufi ndogo sana pembeni, au aache sehemu ya maelezo yake. Karatasi haiwezi kujinyoosha.

Mwaka 1989 Mwingereza aitwaye Tim Berners-Lee alitoa shauri la kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali. Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Kutokana na shauri hilo zilizaliwa kurasa za intaneti tunazozisoma siku hizi. Kurasa hizo huandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo HTML. Programu inayozifungua kurasa hizo na kuzionyesha katika kioo huitwa kivinjari.

Mwaka 1995 zilichapishwa kanuni za HTML toleo la pili. Katika kanuni hizo kilikuwamo kisanduku cha kuandikia mistari mingi. Lakini mtengenezaji wa ukurasa alitakiwa ataje mapema kisanduku kiwe na mistari mingapi, na kila mstari uwe na upana wa herufi ngapi. Alifanya kama mchapaji wa fomu za karatasi: alikisia. Hakumjua mtu atakayeandika, wala hakujua mtu huyo ana maneno mangapi. Kisanduku chake kilikuwa debe.

Watengenezaji wa kurasa wakajiuliza swali hili: Tunawezaje kukifanya kisanduku kilingane na maandishi, kama kamba inavyolingana na mzigo wa majani? Ili tulijibu swali hilo, kwanza tufanye majaribio mawili.

Jaribio la 1: Je, inatosha kuhesabu herufi?

Vifaa: Daftari la hesabu lenye miraba, penseli na rula.

Njia:
1. Katika daftari lako chora kisanduku chenye upana wa miraba 18. Usichore mstari wa chini.
2. Utaandika sentensi hii: Msifungue lango mpaka watakapomaliza.
3. Andika kila herufi katika mraba wake. Acha mraba mmoja mtupu baina ya neno na neno. Usiandike nukta ya mwisho.
4. Usilikate neno lolote. Ikiwa neno halitoshi katika mstari, lipeleke lote katika mstari unaofuata.
5. Kabla ya kuandika, hesabu herufi zote pamoja na nafasi tupu. Gawanya kwa 18, uone ni mistari mingapi unayoitazamia.

Matokeo: Neno la kwanza lina herufi 9, la pili 5, la tatu 5 na la nne 14. Jumla ni herufi 33. Ukiongeza nafasi tupu 3 utapata 36. Ukigawanya 36 kwa 18 utapata 2. Kwa hiyo ulitazamia mistari miwili.

Lakini baada ya kuandika utaona mistari mitatu. Mstari wa kwanza una maneno "Msifungue lango", nayo yanachukua miraba 15. Neno "mpaka" halikutosha katika miraba 3 iliyobaki, likateremka. Katika mstari wa pili neno "watakapomaliza" nalo halikutosha baada ya "mpaka", likateremka pia.

Jaribio hili linatufundisha kwamba kugawanya idadi ya herufi hakutoshi. Maneno hayamwagiki kama maji yanayojaza kila pembe ya chombo. Neno ni kama jiwe: huingia zima, au halingii. Maneno ya Kiswahili aghalabu ni marefu, kwa sababu neno moja linaweza kubeba mtenda, wakati na tendo kwa pamoja. Kwa hiyo mara nyingi huacha nafasi tupu mwishoni mwa mstari.

Jaribio la 2: Je, herufi zote zina upana mmoja?

Vifaa: Ukurasa wa kitabu au wa gazeti, karatasi isiyo na mistari, penseli na rula.

Njia:
1. Tazama herufi zilizochapwa katika ukurasa. Linganisha upana wa herufi m na upana wa herufi i.
2. Katika karatasi yako, iga herufi za kitabu na uandike neno "mmomonyoko".
3. Chini yake andika neno "ilikithiri" kwa herufi za ukubwa ule ule.
4. Hesabu herufi za kila neno. Kisha pima urefu wa kila neno kwa rula.

Matokeo: Kila neno lina herufi 10. Hata hivyo, neno "mmomonyoko" ni refu kuliko neno "ilikithiri". Sababu ni kwamba herufi m na o ni pana, na herufi i, l na t ni nyembamba.

Katika Jaribio la 1 tuliipa kila herufi mraba mmoja. Katika kioo cha simu mambo hayawi hivyo, maana kila herufi huchukua upana wake. Basi kuhesabu herufi kunazidi kutupotosha.

Kutokana na majaribio haya mawili tunapata kanuni moja muhimu: Kisanduku hakiwezi kujua kimo chake kwa kuhesabu herufi. Lazima maandishi yapangwe kwanza, kisha yapimwe.

Jinsi kisanduku kinavyojipima

Kioo cha simu kimejaa nukta ndogo ndogo za mwanga ziitwazo pikseli. Kompyuta hupima urefu wa vitu katika kioo kwa pikseli, kama wewe unavyopima kwa sentimita.

Kompyuta haina akili yake yenyewe. Haijui kwamba mtu amebanwa na nafasi ndogo. Kisanduku hujipanua kwa sababu mtu ameandika amri, na kompyuta inazifuata amri hizo kwa utaratibu. Orodha ya amri kama hizo huitwa programu. Amri zenyewe ni hizi tano:

1. Ngoja. Programu hutulia mpaka maandishi yabadilike. Herufi moja ikiongezwa au ikifutwa, kazi huanza.

2. Kaza. Kisanduku hurudishwa kwanza katika kimo kidogo, kwa mfano kimo cha mstari mmoja.

3. Pima. Kivinjari, ambacho kimekwisha kuyapanga maneno katika mistari, huulizwa: Maandishi yote, pamoja na yaliyofichwa, yana kimo gani?

4. Linganisha. Jibu hulinganishwa na kikomo kilichowekwa, yaani kimo kikubwa kuliko vyote kinachoruhusiwa.

5. Weka. Kisanduku hupewa kimo kilichopatikana.

Tuchukue mfano. Tuseme kila mstari una kimo cha pikseli 20. Tuseme pia kwamba kuna pambizo ya pikseli 10 juu ya maandishi, na nyingine ya pikseli 10 chini yake. Kanuni ya hesabu itakuwa hivi:

Kimo cha kisanduku = (idadi ya mistari × 20) + 20

Mistari 3 itahitaji (3 × 20) + 20, yaani pikseli 80. Mistari 7 itahitaji (7 × 20) + 20, yaani pikseli 160. Mtengenezaji akisahau kuongeza zile pikseli 20 za pambizo, kisanduku kitakuwa kifupi kuliko inavyotakiwa, na sehemu ya maandishi itafichika. Kosa dogo la hesabu huonekana mara moja katika kioo.

Kwa nini kisanduku kikazwe kwanza?

Huenda unajiuliza juu ya amri ya pili. Kama tunataka kisanduku kikue, kwa nini tukipunguze kwanza? Fanya jaribio hili pamoja na mwenzako.

Jaribio la 3: Kamba na vijiti

Vifaa: Vijiti 20 vyenye unene unaokaribiana, kamba ndefu kidogo na rula.

Njia:
1. Weka vijiti vyote 20 pamoja. Vizungushe kamba mpaka ibane. Tia alama ya penseli mahali kamba inapokutana.
2. Bila kuikaza kamba, chomoa vijiti 12.
3. Tazama kitanzi cha kamba. Je, kimebadilika?
4. Sasa vuta kamba mpaka ibane tena. Tia alama ya pili.
5. Nyoosha kamba, kisha pima kwa rula urefu uliotumika mara ya kwanza na mara ya pili.

Matokeo: Ulipochomoa vijiti, kitanzi hakikupungua chenyewe. Kilibaki kipana, na ndani yake mlikuwa na nafasi tupu. Kama ungeipima kamba wakati ule, ungepata kipimo cha mzigo wa zamani. Ulipoivuta kamba ikaugusa mzigo, ndipo ulipopata kipimo cha mzigo ulioko.

Kisanduku cha kuandikia kina tabia hiyo hiyo. Kivinjari kikiulizwa kimo cha maandishi yaliyomo, hakitoi jibu lililo dogo kuliko nafasi ya kisanduku chenyewe. Tuseme kisanduku kimekua mpaka pikseli 160, kisha mwandishi akafuta mistari minne. Maandishi yaliyobaki yanahitaji pikseli 80 tu, lakini kivinjari kitajibu 160. Kisanduku kitabaki kikubwa na kitupu. Kitakuwa kimejifunza kukua, bila kujua kupungua.

Kwa hiyo programu hukirudisha kisanduku katika mstari mmoja, halafu ndipo inapouliza. Mwandishi haoni jambo hilo. Vioo vingi huchorwa upya mara 60 kwa kila sekunde, na kompyuta humaliza kukaza, kupima na kuweka kabla ya kioo kuchorwa tena. Jicho huona matokeo ya mwisho tu.

Kila kamba ina mwisho wake

Je, ni vema kisanduku kiendelee kukua bila kikomo? Hata kidogo. Kumbuka mzigo wa majani. Kamba inaweza kuwa ndefu sana, lakini kichwa cha mchukuzi kina kiasi chake.

Kioo cha simu ni kidogo. Mtu anapoandika, sehemu kubwa ya chini ya kioo hufunikwa na herufi za kubonyeza. Kisanduku kikizidi kukua, kitausukuma ule ujumbe anaoujibu mpaka utoke nje ya kioo. Huenda hata kitufe cha kupeleka kikafichika. Mwandishi atakuwa na nafasi ya kuandika, lakini hana njia ya kupeleka.

Kwa sababu hiyo mtengenezaji mwenye busara huweka kikomo. Tuseme kikomo ni mistari 10. Kwa kanuni yetu, hiyo ni pikseli 220. Mtu akiandika mstari wa 11, kisanduku hakikui tena, na maandishi huanza kusogea juu ndani yake. Hapo mwandishi hana budi kuyavuta maandishi kwa kidole ili ayasome yote tangu mwanzo. Kadhalika huwekwa kimo cha chini, ili kisanduku kitupu kisinywee mpaka kikose kuonekana.

Mambo mengine yanayobadilisha kimo

Kuandika na kufuta siyo mambo pekee yanayobadilisha kimo cha maandishi. Yako mengine pia.

Kugeuza simu. Simu ikilazwa upande, kisanduku hupanuka. Maneno mengi zaidi hutosha katika mstari mmoja, na mistari hupungua. Kwa hiyo ni lazima kisanduku kipimwe upya, ingawa hakuna herufi hata moja iliyoongezwa.

Kubandika maandishi. Mtu aweza kunakili ujumbe mrefu kutoka mahali pengine na kuubandika wote kwa mara moja. Kisanduku lazima kiweze kuruka kutoka mstari mmoja mpaka mistari mingi.

Ukubwa wa herufi. Pengine bibi yako haoni vizuri, naye amewekewa herufi kubwa katika simu yake. Katika simu hiyo kimo cha mstari si pikseli 20 tena. Huenda ni 30 au zaidi. Mtengenezaji aliyeandika 20 katika programu yake kama kipimo cha watu wote atakuwa amemsahau bibi. Aliyeiamuru kompyuta ipime kimo halisi atakuwa amemkumbuka.

Hapa tunajifunza tena kanuni ile ile ya sayansi: usikisie pale unapoweza kupima.

Maendeleo ya siku za karibuni

Kwa miaka mingi kila mtengenezaji wa kurasa alilazimika kuandika mwenyewe amri za kukaza, kupima na kuweka. Wengi waliziandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, ambayo nayo ilitangazwa mwaka 1995. Wengine walikosea kwa kusahau pambizo, na wengine kwa kusahau kukaza.

Mwaka 2024 kivinjari kiitwacho Chrome kilianza kuelewa amri moja fupi inayokiambia kisanduku kilingane na maandishi yake. Mtengenezaji akiiandika amri hiyo, kivinjari chenyewe hufanya kazi ya kupima. Hata hivyo, mtu aliyejifunza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika ataweza kulitambua kosa likitokea na kulirekebisha.

Muhtasari

1. Kisanduku cha kuandikia ni nafasi ya kutilia maneno katika kioo cha simu au cha kompyuta.
2. Kisanduku chenye kimo kisichobadilika huficha sehemu ya maandishi marefu. Maneno yaliyofichwa huweza kuwa na kosa lisiloonekana.
3. Kimo cha maandishi hakipatikani kwa kuhesabu herufi, kwa sababu maneno hayakatwi, na herufi hazina upana mmoja.
4. Kisanduku kinachojipanua hufuata amri tano: ngoja, kaza, pima, linganisha, weka.
5. Kisanduku kizuri hukua, hupungua, na kina kikomo.

Maneno ya kukumbuka

Kimo: kipimo cha kutoka chini hadi juu.
Pambizo: nafasi tupu iliyoachwa kandokando ya maandishi.
Pikseli: nukta ndogo ya mwanga katika kioo cha simu au cha kompyuta.
Programu: orodha ya amri zinazofuatwa na kompyuta.
Kivinjari: programu ya kufungulia na kuonyesha kurasa za intaneti.
Kikomo: mwisho unaoruhusiwa.

Maswali

1. Taja vyombo vitatu vyenye ukubwa usiobadilika, na viwili vinavyolingana na vitu vilivyomo.
2. Eleza kwa nini msimamizi wa mfongo hakuliona kosa lake kabla ya kuupeleka ujumbe.
3. Tumia kanuni ya sura hii. Kisanduku chenye mistari 6 kitakuwa na kimo cha pikseli ngapi?
4. Kikomo ni mistari 10. Mtu ameandika mistari 15. Kisanduku kitakuwa na kimo cha pikseli ngapi? Mistari mingapi itakuwa imefichika?
5. Kisanduku kimoja hukua vizuri, lakini hakipungui mtu anapofuta maneno. Ni amri gani iliyosahauliwa?
6. Tafuta maneno mengine mawili ambayo yakiondolewa silabi "si" hubadilika kutoka katazo kuwa amri au ombi.
7. Andika ujumbe wa sentensi tano kuwaarifu wazazi juu ya kazi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika shamba la shule yenu. Mpe mwenzako ausome kupitia tundu la karatasi linaloonyesha mistari miwili tu. Kisha mpe ausome wote kwa pamoja. Mwulize ni wakati gani aliyatambua makosa kwa urahisi zaidi, naye akueleze sababu yake.